Tano Nukta Mbili, Asubuhi na Jioni

Wengi wenu mmeniandikia mkinipa pole. Mama mmoja wa Kayole amesema hata ananiombea. Mama, ngoja kidogo. Soma ya leo kwanza, kisha uamue kama maombi hayo utaendelea nayo.

Kwa aliyeufungua ukurasa huu leo: mimi ni Luseno, fundi wa vifaa, mkazi wa mtaa wa Mowlem, hapa Nairobi. Nimeshawasimulia nilivyopoteza kazi ya mjini, nilivyofungiwa nyumba, na nilivyopata riziki tena Eastleigh katika duka la dawa la Deeqa, ambaye sote tunamwita Mama Hibaq kwa jina la bintiye. Wiki jana mlisoma jinsi insulini ya dukani, dawa ya sukari ya kuchoma, ilivyoganda ndani ya friji bila mtu kujua. Dawa hiyo ikishaganda hufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mzee Mumin, babake Deeqa, alichomwa dawa iliyokufa siku baada ya siku hadi akabebwa kupelekwa hospitali akiwa hajitambui.

Lawama zote zikamwangukia Kavinya, anayehudumu dukani na kuitunza friji. Mimi nikawaandikia hapa hapa: "Sijui ilikuwaje."

Nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote Eastleigh.

Acha nieleze kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa ubaya wangu. Mimi huweka mkalimani ndani ya vifaa. Si mtu huyo. Ni programu ndogo mno, ndogo kuliko picha moja ya simu, na kazi yake ni kusoma programu nyingine zilizoandikwa kwa WebAssembly, lugha ya kompyuta isiyochagua kifaa. Ukishamweka mkalimani huyo kwenye kifaa, hata kiwe kidogo namna gani, kitasoma programu ileile inayosomwa na simu yako. Unaandika mara moja tu. Friji ya dawa Eastleigh, sanduku la nyama kwenye soko la Burma, mashine ya kuangulia vifaranga Mowlem, vyote vinasoma kitu kimoja.

Nilijivuna sana kwa hilo. Sikufikiria kwamba nikikosea mara moja, nimekosea kote.

Na nilikosea hivi. Programu yangu ilikuwa ikihifadhi kila kipimo cha joto. Nafasi ya kumbukumbu ikijaa, inamwomba mkalimani nafasi zaidi. Kwenye simu yangu, nilikoijaribia, ilikuwa inapewa. Kwenye kile kifaa kidogo cha friji hakuna nafasi ya kumpa mtu, na mkalimani akajibu kwamba hakuna. Mimi sikuandika hata mstari mmoja wa kusikiliza jibu lake. Programu ikaendelea kuandika mahali pasipo pake, na mkalimani akaisimamisha. Yeye alifanya kazi yake vizuri kabisa.

Hapo king'ora cha kifaa kingelia. Lakini Deeqa alikuwa ameniambia kwamba king'ora kinalia ovyo kila stima ikicheza, kinamsumbua babake akisali chumba cha nyuma. Nikataka kumfurahisha. Nikakinyamazisha, kisiseme kitu programu ikisimama, na nikaiacha namba ya mwisho ibaki pale kwenye kioo cha kifaa, kinachoonyesha joto. Kioo kitupu huwatia wateja wasiwasi.

Kwa hiyo friji ilipoharibika na kugandisha dawa, kioo kikaendelea kusema nyuzi tano nukta mbili kwa siku kumi na moja.

Kavinya alikuwa mwaminifu. Kila asubuhi na kila jioni alikiangalia kile kioo na kuandika alichokiona kwenye kitabu cha friji. Tano nukta mbili. Tano nukta mbili. Ukurasa mzima. Watu walipokuja kukitazama kitabu, walisema huyu msichana hakuwa hata akiinuka kwenye kiti, anajijazia tu. Na kwa kuwa mamake anauza barafu nje ya geti la shule huku Mowlem, wakasema pia kwamba yeye ndiye aliyekizungusha kidhibiti cha baridi cha friji hadi mwisho ili amgandishie mama barafu za biashara.

Kavinya alikana. Kisha siku moja akaacha kukana, akatia sahihi barua ya kukiri yote.

Nimewafikisha hapo. Sasa twende Jumatatu hii.

Kikao kiliitishwa baada ya swala ya alasiri, kwenye chumba cha nyuma cha duka. Msimamizi alikuwa Mzee Magan, amiye Deeqa, mtu anayeheshimika kuanzia First Avenue hadi mwisho wa barabara. Kazi ilikuwa moja tu: kuamua kama ile barua ya kukiri itapelekwa kwa watu wa leseni za maduka ya dawa. Ikipelekwa, Kavinya ananyang'anywa cheti chake, na hataruhusiwa tena kugusa dawa mahali popote nchini.

Nilikuwa nimeazimia kusema ukweli. Naapa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, hata nikayarudia nikinyoa ndevu.

Kavinya alikuwa ananingoja kwenye ngazi za kuingilia dukani.

"Luseno, umekuja," alisema akinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Skiza. Huko ndani usiseme kitu."

"Kavinya, kuna jambo lazima..."

"Ni ya mashine?"

"Ndiyo."

"Basi wacha! Mama Hibaq ameniambia nikinyenyekea, hiyo barua itachanwa. Tukianza stori za mashine wataona nimerudi kubisha. Nisaidie tu hivyo, unyamaze. Please."

Wasomaji wangu, hamjui raha niliyoisikia. Nimeombwa kunyamaza na mtu yuleyule niliyemkosea! Nilipanda zile ngazi nikiwa mwepesi, na ninaona haya kuwaambia kwamba nilipiga mluzi.

Ndani tulikaa kwenye zulia. Chai ya iliki ikamiminwa. Deeqa alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Aabo, babangu, amefungua macho," alisema. "Ameongea. Ameuliza ni nani alikuwa anaangalia friji. Nikamwambia. Akasema msichana asamehewe."

Kavinya akaanza kulia hapo hapo. "Asante, Mama Hibaq. Mungu ampe maisha marefu."

Mimi nikanywa chai. Nikajiambia, unaona? Yanaisha yenyewe.

Mzee Magan akaweka kikombe chake chini.

"Mumin amesamehe lililo lake," alisema polepole. "Lakini watu wengine tisa waliuziwa dawa ile. Hao hawako hapa. Mimi siwezi kusamehe kwa niaba yao. Barua itapelekwa leo, ofisi hazijafungwa."

"Mama Hibaq!" Kavinya alimgeukia. "Uliniambia nikikubali..."

"Nilikuambia nitajaribu," Deeqa alisema, akaangalia pembeni. "Nimejaribu. Adeer, ami yangu huyu, ndiye mwenye neno."

Mzee Magan alikivuta kile kitabu cha friji. Akakifungua kwenye ule ukurasa, akakigeuza Kavinya akione.

"Tano nukta mbili, tano nukta mbili, tano nukta mbili. Binti yangu, hata kama ulikuwa unatudanganya, si ungebadilisha kidogo? Uliona sisi ni watu wa kudanganywa rahisi hivi?"

"Lakini Mzee, ndivyo ili..." Kavinya alianza.

Akajikatiza. Nilimwona akiyameza yale maneno. Akainamisha kichwa na kusema, "Nisamehe, Mzee."

Nimeona mambo mengi, lakini sijawahi kumwona mtu akimeza ukweli wake mwenyewe mbele ya macho yangu, huku mimi nimekaa na kikombe cha chai mkononi. Nilijichukia. Nikakiweka kikombe chini.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Kioo kilikuwa kinasema tano nukta mbili asubuhi na jioni. Aliandika alichokiona. Programu yangu ilikuwa imekufa, kioo kikabaki na namba ya mwisho. Makosa ni yangu."

"Luseno!" Kavinya alinong'ona kwa hasira. "Nilikuomba!"

Mzee Magan hakuinua sauti. "Fundi, wiki jana nilikuuliza hapa hapa kama mashine ina kasoro. Ulinijibu nini?"

"Nilisema haina."

"Na leo?"

"Ilikuwa nayo, Mzee."

"Na nikikuuliza kesho?"

Deeqa alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ananionea huruma.

"Adeer, huyu anampenda Kavinya. Wanakaa ploti moja huko Mowlem. Ameona barua inaenda, sasa anajitwika. Haya, Luseno, tuonyeshe. Friji ni ile pale. Tuonyeshe hiyo namba iliyokwama."

Hapo ndipo niliponaswa na mikono yangu mwenyewe. Friji ilikuwa imetengenezwa, na kile kifaa kilikuwa kinafanya kazi bila tatizo. Mimi ndiye niliyerekebisha programu, nikaituma kwenye vifaa vyote kwa mpigo mmoja, na nikafuta kumbukumbu zote za ile ya zamani. Nilifagia vizuri mno. Sasa nilikuwa naitafuta takataka yangu niwaonyeshe watu, na haipo.

Kisha nikamkumbuka Githinji.

Githinji ana bucha pale Burma. Sanduku lake la baridi liko nyuma kabisa, kati ya kuta nene, na mtandao haufiki. Programu mpya haikumfikia. Nilikuwa nimejiambia nitapita nimwekee kwa mkono wangu. Sikupita.

Nikampigia, nikaweka sauti ya simu juu.

"Niaje fundi!" Nyuma yake nilisikia shoka likigonga gogo.

"Poa, Githinji. Uko karibu na lile sanduku?"

"Niko nalo hapa. Kwani?"

"Nisomee namba."

"Tatu pointi moja. Iko fiti."

"Fungua mlango wa sanduku uuache wazi kabisa."

"We! Na nzi? Hii ni nyama ya watu, buda!"

"Githinji, nakuomba kama ndugu yangu. Dakika kumi tu."

Alilalamika, lakini tukasikia mlango ukilia. Tukangoja. Hakuna aliyegusa chai. Mzee Magan alikuwa ameitoa saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya kile kitabu. Mimi niliomba, na ombi lenyewe ni aibu: nilikuwa namwomba Mungu mashine yangu iwe imekufa.

"Githinji, soma."

"Tatu pointi moja."

"Weka mkono ndani. Kuna baridi?"

"Baridi itoke wapi na mlango uko wazi? Ni joto tu." Tukamsikia akikigonga kioo kwa kidole. "Ngoja. Wee fundi. Ngoja kwanza. Hii kitu imekufa?"

"Imekufa, Githinji."

"Tangu lini? Luseno! Mimi nimekuwa nikiuzia watu nyama nikiangalia hii namba! Uko wapi? Ebu niambie uko wapi saa hii!"

Mzee Magan alinyoosha mkono, akachukua simu. "Ndugu yangu, funga mlango wa nyama yako," alisema kwa upole. "Atakuja kwako. Nitahakikisha mimi." Akaikata.

Deeqa akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kavinya," alisema. "Kavinya, nilikuita mwizi mbele ya wateja. Nilimtaja mamako."

Kavinya hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. Nilidhani ni shukrani, ujinga wangu ndio huo. Hata nikamtabasamia.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Jamani. Nilikuwa nimeshasema lililo gumu kuliko yote. Lililobaki lilikuwa dogo, lakini ulimi wangu una mazoea yake.

"Jana," nikasema. "Nilikuwa napitia programu ndiyo nikaona."

Kavinya aliinuka. Alienda kwenye friji, akaweka kidole kwenye kitufe kidogo kilicho chini ya kile kioo, akakibonyeza na kukishikilia. Nilimfundisha mwenyewe. Ukikibonyeza hivyo, namba ya joto inaondoka, na mkalimani anakuonyesha programu anayoisoma ilitumwa siku gani.

"Tarehe kumi na mbili," akasoma.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini.

"Pengine hiyo tarehe..." nilianza.

"Nilitia sahihi tarehe kumi na nne," Kavinya alisema. Hakuwa analia tena. "Siku mbili baadaye. Ulikuwa unajua, Luseno. Ulishatengeneza, na ulikuwa unajua."

Deeqa aliondoa mtandio usoni. Akaichukua ile barua ya kukiri iliyokuwa kando ya birika, akaikunja ili aichane. "Hii haina kazi tena. Kavinya, njoo uniangalie nikiichana."

"Usiichane, Mama Hibaq."

"Kwa nini, binti yangu?"

Kavinya aliichukua mikononi mwake. Akaikunjua taratibu, akailaza kwenye zulia kando ya kile kitabu cha friji, akasogeza birika ili vionekane vizuri.

"Mzee, tazama," alimwambia Mzee Magan. "Huu wa kitabu ni mwandiko wangu. Hii barua, sahihi peke yake ndiyo yangu. Hayo maneno mengine hayajaandikwa na mimi."

Wapenzi wasomaji, hili sikuwaambia wiki jana. Niliwaandikia kwamba Kavinya "aliacha kukana". Sikuwaambia kwamba nilienda kwake tarehe kumi na nne nikiwa na karatasi mfukoni, nimeshaiandika kwa mkono wangu. Mamake alikuwa jikoni. Nilimwambia Kavinya kwamba watu wa Eastleigh humsamehe upesi anayekiri, kwamba akiendelea kubisha atafungwa, kwamba mimi nimeshaongea na Mama Hibaq kwa niaba yake. Sikuwa nimeongea na mtu. Nilitaka tu pawe na mwenye kosa, ili pasiwe na wa kutafutwa. Akaniuliza, "Kweli, Luseno?" Nikasema kweli. Akaiweka karatasi gotini, akatia sahihi.

Nilikuwa nimemwomba asimwambie mtu kwamba nilimsaidia. Na hakumwambia mtu hata mmoja, hata walipomtukana. Mpaka Jumatatu hii.

Mzee Magan alivaa miwani. Akatazama kitabu, akatazama barua. Akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoviangalia vyote viwili.

Kisha akapapasa mfuko wa kanzu, akatoa kalamu, akararua karatasi tupu kutoka mwisho wa kile kitabu cha friji, akavisukuma vyote viwili mbele yangu juu ya zulia.

"Andika, fundi," alisema. "Chochote. Hata jina lako tu."